Wimbo wa Nani? A-unganifu na Riziki ya Mtunzi wa Nyimbo: Mfano wa Fadhili William wa Taita-Taveta

1.0 Utangulizi

Mtangazaji wa redio asemapo, "Sasa sikilizeni wimbo wa Fadhili William," hakuna msikilizaji anayemtaka afafanue. Maneno hayo ni fasaha, ni mafupi, na yanatosha kwa haja ya wakati ule. Lakini maneno hayo hayo yakipelekwa mbele ya hakimu, au yakiandikwa katika hati ya malipo, huzua swali zito: wimbo ni wa Fadhili kwa maana gani? Je, aliutunga? Aliuimba tu? Alikuwa wa kwanza kuutia katika santuri? Au ndiye mwenye mali, hata kama sauti inayosikika ni ya mwingine?

Madhumuni ya makala hii ni kuonyesha kwamba riziki ya mtu anayetaka kuishi kwa kutunga na kuimba nyimbo hutegemea kutenganishwa kwa mahusiano haya, ambayo sarufi ya Kiswahili huyakusanya pamoja katika silabi moja, yaani a-unganifu. Mfano mkuu utakaotumiwa ni wa Fadhili William Mdawida (1938–2001), mzaliwa wa Taita-Taveta, na wimbo "Malaika" ambao jina lake limefungamana nao. Mjadala wa wimbo huo umezoeleka kama kisa cha watu waliogombea sifa. Hapa utatazamwa kama suala la lugha na la mali kwa pamoja.

2.0 Wimbo, Kuimba na Kutunga

2.1 Yafaa kuanza na asili ya maneno yenyewe. Nomino wimbo imeundwa kutokana na kitenzi imba: kiambishi u- cha ngeli, mzizi -imb- na kiishio -o. Kwa hiyo, kwa umbo lake, wimbo ni kitu kinachoimbwa. Jina hilo halitokani na tendo la kuubuni, bali latokana na tendo la kuutoa kwa sauti. Nomino utungo, kwa upande mwingine, hutokana na tunga, nayo hutaja kazi ya aliyebuni. Hata hivyo, katika matumizi ya kawaida watu hununua nyimbo, husikiliza nyimbo na hukumbuka nyimbo; tungo huachiwa walimu na washairi. Tangu mwanzo, basi, jina la bidhaa inayouzwa humwelekea mwimbaji kuliko mtunzi.

2.2 Kitenzi tunga kina maana kadhaa zinazokaribiana. Shanga hutungwa katika uzi, samaki hutungwa katika ukambaa, mimba hutunga, na jipu hutunga usaha. Katika maana mbili za kwanza, mtu huchukua vitu vilivyokuwako na kuvipanga vishikamane. Katika mbili za mwisho, kitu kisichokuwako huanza kuwako. Utungaji wa nyimbo umo baina ya pande hizi. Mwimbaji wa ngoma huokota mkarara wa zamani, akaongeza beti zake, akabadilisha mahadhi. Jirani yake akafanya vivyo hivyo mwaka unaofuata. Jamii iliyozoea kutunga kwa namna ya kupanga shanga haioni wizi katika kuazima shanga ya mwenzio. Sheria ya hakimiliki, nayo, humtafuta mtu aliyetunga kwa maana ya pili, aliyeleta jambo ambalo kabla yake halikuwapo.

2.3 Utata mwingine umo katika neno mtunzi. Kwa kanuni za mabadiliko ya sauti, g ya tunga hugeuka z mbele ya kiishio -i, ndipo tunapatikana mtunzi. Lakini umbo hilo hilo laweza kutokana na kitenzi tunza, kwa maana ya mtu anayehifadhi. Mbunifu na mhifadhi hukutana katika neno moja. Mkutano huu wa sauti ni wa bahati tu, wala haufai kufanywa hoja ya kihistoria. Lakini, kama itakavyoonekana, huelezea vyema hali ya watu wengi walioingia studio za Nairobi na Mombasa wakiwa na nyimbo ambazo walikuwa wamezitunga, wamezitunza, au yote mawili.

2.4 Mapokeo ya ushairi wa Kiswahili yaliujua utata huu na yakauwekea dawa. Katika tenzi na mashairi mengi, mtunzi hujitaja katika beti za mwisho: hutoa jina lake, pengine la baba yake na mji wake, na tarehe ya kumaliza kazi. Msomaji au mghani atakayeusoma utenzi huo baada ya miaka 100 hulazimika kulitamka jina la mtunzi kwa kinywa chake mwenyewe. Hiyo ni hati ya umiliki iliyoshonwa ndani ya kazi. Katika taarabu pia mgawanyo wa kazi ulifahamika: huyu ametunga shairi, yule amelitia sauti, na mwingine ameliimba. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, santuri zilibeba sauti yake, lakini wasikilizaji wa Unguja hawakudhani kwamba kila shairi aliloliimba lilikuwa limetoka kwake.

Muziki wa dansi uliokuja na gitaa uliacha desturi hiyo. Wimbo wa dansi ni mfupi; upande mmoja wa santuri ndogo hauna nafasi ya beti za tamati. Jina la mtunzi lilitoka ndani ya wimbo likahamia nje yake, katika karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya sahani. Na karatasi hiyo haikuandikwa na mtunzi. Iliandikwa na kampuni.

3.0 Mahusiano Yaliyomo Katika A-unganifu

3.1 A-unganifu hutumika kuonyesha uhusiano wowote baina ya majina mawili. Kikitumiwa pamoja na nomino wimbo, angalau mahusiano sita hudhihirika:

(a) aliyetunga: wimbo wa Fadhili, yaani uliotungwa na Fadhili;
(b) anayeimba: wimbo wa Fadhili, yaani unaoimbwa na Fadhili;
(c) aliyerekodi: wimbo wa Fadhili, yaani uliotiwa katika santuri kwa sauti au kwa juhudi yake;
(d) anayemiliki: wimbo wa Fadhili, yaani ulio mali yake kisheria;
(e) anayehusika: wimbo wa Fadhili, yaani unaomsifu au kumtaja yeye;
(f) shughuli: wimbo wa harusi, wimbo wa kazi, wimbo wa jando.

Mahusiano (e) na (f) hayaleti ugomvi wa fedha. Ni yale manne ya kwanza yanayogusa riziki, na kila moja lina mlango wake wa mapato. Anayeimba hulipwa jukwaani, na hutunzwa na wasikilizaji. Anayerekodi hulipwa na studio, ama kwa mkupuo mmoja, ama kwa sehemu ya mauzo. Aliyetunga hustahili mrabaha kila wimbo unapopigwa redioni, unapoimbwa na wengine, unapochapwa au unapotumiwa katika filamu. Anayemiliki hupokea chochote ambacho wale watatu hawakujiwekea katika mkataba.

3.2 Haina maana kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kutenganisha. Kauli ya kutendwa pamoja na na ya mtenda hutosha: wimbo uliotungwa na A, ukaimbwa na B, ukarekodiwa na C, ukamilikiwa na D. Tatizo ni la mazoea ya matumizi. Sentensi ndefu hutumiwa na mwanasheria. A-unganifu hutumiwa na umma, na magazeti, na redio, na aghalabu na wanamuziki wenyewe wanapozungumza na mwenye studio. Mtu aliyezoea kusema "wimbo wangu" kwa mahusiano yote manne huenda asitambue kwamba, kwa kutia sahihi karatasi moja, amebakiwa na mawili tu.

4.0 Taveta na Njia ya Mwimbaji

4.1 Ili kuelewa jinsi mwimbaji wa sehemu hizi alivyofika penye karatasi hiyo, hapana budi kuutazama mji wa Taveta na nchi inayouzunguka. Taveta iko mpakani, mkabala na Holili upande wa Tanzania, baina ya ziwa Chala na ziwa Jipe. Tangu zamani za misafara ya biashara ilikuwa mahali pa kupumzikia na kubadilishana bidhaa, na gulio lake limeendelea kuwakutanisha watu wa pande zote mbili za mpaka. Reli iliyojengwa kutoka Voi wakati wa Vita Kuu ya kwanza iliuunganisha mji huu na njia kuu ya Mombasa–Nairobi. Mashamba ya mkonge yalileta vibarua wa makabila mengi. Lugha za wenyeji ni Kitaveta, na kwa upande wa milimani Kidawida na Kisaghala. Lakini penye gulio, penye stesheni na penye kambi za mkonge, lugha iliyowakutanisha wote ilikuwa Kiswahili.

4.2 Hali hiyo ilikuwa na matokeo mawili kwa mtunzi. La kwanza ni la lugha. Wimbo wa Kidawida ulikuwa na wasikilizaji wake milimani, na ngoma kama mwazindika ziliendelea kuwa na kazi yake katika jamii; lakini aliyetaka kuimba kwa malipo mbele ya umati mchanganyiko alilazimika kutunga kwa Kiswahili. Kiswahili cha nyimbo hizo hakikuwa cha malenga wa Mvita au Lamu. Kilikuwa sahili, chenye msamiati wa kila siku na sentensi fupi, na kwa sababu hiyo kilivuka mipaka kwa wepesi. "Malaika" ni kielelezo kizuri: wazo lake, kijana asiyeweza kumwoa ampendaye kwa kukosa mali, lafahamika kwa mtu yeyote aliyejifunza Kiswahili kwa miezi michache.

La pili ni la mahali. Taveta ilikuwa na wasikilizaji, lakini haikuwa na studio. Cha ajabu ni kwamba mji huu ulikuwa na chapa mapema kuliko miji mingi ya bara: misheni ya kanisa la Anglikana ilichapa jarida lake la Taveta tangu mwaka 1895. Lakini chapa hiyo ilikuwa ya mambo ya dini na habari za misheni. Nyimbo za wenyeji hazikuwa na mahali pa kuandikishwa. Wimbo uliotungwa Taveta au Wundanyi ulisafiri kwa kinywa mpaka ulipofika Mombasa au Nairobi, na huko ndiko ulikopata karatasi yake ya kwanza. Masafa baina ya mahali wimbo ulikotungwa na mahali ulikorekodiwa ndiyo yaliyozaa mashaka mengi ya baadaye.

5.0 Fadhili William na "Malaika"

5.1 Fadhili William alizaliwa mwaka 1938 katika nchi ya Taita-Taveta, na jina lake la tatu, Mdawida, hutaja asili hiyo waziwazi: ni mtu wa Dawida. Alipokuwa kijana alishika gitaa, akaingia Nairobi, na mnamo mwaka 1960 alirekodi "Malaika" pamoja na bendi yake ya Jambo Boys. Baadaye aliurekodi tena katika studio ya Equator, iliyokuwa ya Charles Worrod, ambako alikuwa miongoni mwa wanamuziki wakuu wa bendi ya studio hiyo pamoja na akina Daudi Kabaka. Bendi ya studio ni taasisi inayostahili kuzingatiwa: wanamuziki wake walipigiana, mmoja akiimba leo na kumsindikiza mwenzake kesho, hata ikawa vigumu kwa mtu wa nje kueleza ni nani aliyechangia nini katika wimbo fulani.

5.2 Wimbo huo ulipata miguu. Miriam Makeba aliuimba duniani kote. Mwaka 1965 ulitokea katika albamu aliyoitoa pamoja na Harry Belafonte, ambayo ilipata tuzo ya Grammy mwaka 1966. Kundi la Boney M. liliutoa mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin aliuimba katika albamu yake ya mwaka 1991. Kila toleo jipya lilikuwa na mwimbaji mwingine na kampuni nyingine. Kwa mahusiano (b) na (c), "Malaika" ulikuwa na wenyewe wengi, na hakuna aliyeona ubaya. Ulipofika wakati wa kulipa mrabaha ndipo swali la (a) lilipohitaji jibu moja.

5.3 Jibu hilo halikupatikana kwa kauli moja. Wengi Kenya walimtaja Fadhili kuwa ndiye mtunzi, na hakuna shaka kubwa kwamba ndiye aliyekuwa wa kwanza kuurekodi. Lakini kutoka Tanzania alijitokeza Adam Salim, aliyesema kwamba aliutunga miaka ya 1940 alipokuwa akiishi Nairobi. Wako na wengine waliotajwa. Kila upande ulileta aina yake ya ushahidi, na hapa ndipo mtafiti wa lugha anapopaswa kuwa makini. Upande mmoja ulileta santuri. Upande wa pili ulileta hadithi: mapenzi yaliyozuiliwa na umaskini, na msichana aliyeozwa kwa mtu mwingine. Santuri huthibitisha ni nani aliyeimba na lini. Haithibitishi ni nani aliyebuni. Hadithi huweza kuwa ya kweli kabisa, lakini kisa cha kijana asiye na mahari ni cha kawaida mno Afrika Mashariki hata hakiwezi kumtambulisha mtunzi mmoja.

Hukumu ya nani aliyetunga "Malaika" si kazi ya makala hii. Linalojitokeza ni kwamba wenye madai walikuwa wakitumia tamko moja, "wimbo wangu", kwa mahusiano tofauti. Inawezekana mtu mmoja akawa mtunzi kwa maana ya kutunga, na mwingine akawa mtunzi kwa maana ya kutunza: aliuokota wimbo, akaupa mahadhi yaliyokamilika, akaupeleka studio, akauokoa usipotee. Kama hivyo ndivyo, wote wawili wamefanya kazi inayostahili malipo, lakini si malipo ya aina moja. Umma uliotaka jina moja tu haukuwa na nafasi ya majibu mawili.

5.4 Fadhili aliishi Marekani kwa miaka mingi, akarudi Kenya, na akafariki dunia mwezi Februari 2001. Mjadala wa wimbo ulimtangulia na ukabaki nyuma yake.

6.0 Mifano Miwili ya Kulinganisha

6.1 Mfano wa kwanza hutoka katika studio ile ile. Daudi Kabaka alitunga na kuimba "Helule Helule". Mwaka 1968 kundi la The Tremeloes la Uingereza liliutoa kwa mtindo wao, na ukaingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana huko. Hapa waimbaji walibadilika, bara likabadilika, lakini mtunzi hakubadilika, kwa kuwa jina la Kabaka lilikuwa limeandikwa mapema na hapakuwa na aliyelipinga. Uhusiano (a) ulikuwa umetenganishwa na (b) kabla wimbo haujaondoka Nairobi. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa "Jambo Bwana", uliorekodiwa na Them Mushrooms wa Mombasa mwaka 1982: Boney M. walipouimba mwaka uliofuata, utungaji wa Teddy Kalanda Harrison ulikuwa tayari na ushahidi wake.

6.2 Mfano wa pili ni wa Afrika Kusini, na huonyesha hatari ya upande mwingine. Solomon Linda alirekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939 katika kampuni ya Gallo. Hakukuwa na ubishi juu ya mtunzi wala mwimbaji. Lakini haki za wimbo huo alizihawilisha kwa kampuni kwa shilingi 10. Wimbo uliingia Marekani kwa jina la "Wimoweh", kisha mwaka 1961 ukageuzwa kuwa "The Lion Sleeps Tonight", na hatimaye ukatumiwa katika filamu ya The Lion King ya mwaka 1994. Linda alikufa maskini mwaka 1962. Warithi wake walifungua madai, wakitegemea kanuni ya sheria ya zamani ya Dola ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi, na mwaka 2006 wakapata mapatano ya malipo.

6.3 Mifano hii ikiwekwa sambamba, hupatikana picha iliyo wazi. Kwa "Helule Helule", mtunzi alijulikana na haki yake ikafuata wimbo. Kwa "Mbube", mtunzi alijulikana lakini alikuwa amekwisha kuuza haki yake. Kwa "Malaika", aliyerekodi alijulikana lakini utunzi ukabishaniwa. Ubora wa nyimbo hauelezi tofauti hiyo, kwani zote tatu zilipendwa duniani. Tofauti imo katika maneno yaliyoandikwa, au yasiyoandikwa, siku ya kwanza ya kurekodi.

7.0 Sheria na Ushahidi

7.1 Kenya ilipata sheria yake ya hakimiliki mwaka 1966, na nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Sheria zote mbili zimeshikilia masharti mawili: kazi ya muziki hulindwa ikiwa imefanyiwa juhudi ya kutosha kuipa upya wake yenyewe, na ikiwa imeandikwa, imerekodiwa au imetiwa katika umbo lingine la kudumu. Sharti la pili lina uzito mkubwa kwa mtunzi wa Taveta. Wimbo ulioimbwa usiku mmoja penye gulio, ukapendwa na kukaririwa na watu 300, mbele ya sheria bado haujawa mali. Huwa mali pale unapopata umbo la kudumu. Sheria haisemi kwamba anayerekodi ndiye anayetunga; lakini humpa anayerekodi ushahidi ambao aliyetunga kwa kinywa hana.

7.2 Muda wa haki nao hutofautiana kwa kila uhusiano. Kwa mujibu wa Sheria ya 2001, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliokufa. Haki ya santuri hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kwa hesabu hiyo, santuri ya mwaka 1960 ilimaliza muda wake mwishoni mwa mwaka 2010. Lakini haki ya utunzi, ikiwa ni ya Fadhili, itaendelea hadi mwisho wa mwaka 2051. Ikiwa ni ya mwingine, tarehe hiyo hubadilika. Ni wazi kwamba "wimbo wa Fadhili" kwa maana ya (c) na "wimbo wa Fadhili" kwa maana ya (a) ni mali mbili, na mauti yake ni mawili.

7.3 Sheria hiyo pia hutaka uhawilishaji wa haki uwe kwa maandishi yenye sahihi, na huzitambua haki za waimbaji na wapigaji mbali na zile za watunzi. Chama cha hakimiliki za muziki cha Kenya, MCSK, kilianzishwa mwaka 1983 ili kukusanya mrabaha wa watunzi; baadaye viliundwa vyombo vingine kwa ajili ya waimbaji na wapigaji, na kwa watoaji wa santuri. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1993. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa na kutaja kwamba katika mapato ya milio ya simu, sehemu ya msanii iwe asilimia 52. Mlolongo huu wote waweza kusomwa kama juhudi ya muda mrefu ya kukipasua kile a-unganifu na kukipa kila kipande jina lake na mlipwaji wake.

8.0 Kazi ya Wataalamu wa Lugha

8.1 Istilahi za msingi zimekwisha kupatikana na zimezoeleka: hakimiliki, mrabaha, mtunzi, mtayarishaji, uhawilishaji, leseni. Kinachokosekana ni mikataba iliyoandikwa kwa Kiswahili cha wazi. Kijana anayetunga kwa Kiswahili aghalabu hutia sahihi hati ya Kiingereza cha kisheria, na wimbo wake hubadilisha mwenyewe katika lugha asiyoimudu. Mkataba bora wa Kiswahili ungeepuka a-unganifu katika vifungu vya haki, na badala yake ungetumia kauli ya kutendwa na mtenda aliyetajwa: maneno yametungwa na fulani, mahadhi yametungwa na fulani, sauti imeimbwa na fulani, gitaa limepigwa na fulani, rekodi imegharimiwa na fulani, haki imehawilishwa, au imekodishwa, kwa fulani kwa miaka kadhaa.

8.2 Tofauti baina ya kuhawilisha na kukodisha yahitaji kufundishwa hasa. Mkulima wa Taveta anaijua vizuri kwa shamba lake: kuuza ni kuuza, na kukodisha ni kukodisha. Mbele ya wimbo, ambao haushikiki, maarifa hayo humtoka, na maneno "nimewapa wimbo" humaliza shauri. Kitenzi pa ni kipana kama a-unganifu. Hakisemi kama aliyepewa atarudisha.

8.3 Watafiti wanaokusanya nyimbo za Kidawida, Kitaveta na Kisaghala nao wanahusika. Mkusanyo unaoandika "wimbo wa Wataita" chini ya maneno yaliyotoka kwa kinywa cha mtu mmoja huenda unamnyang'anya mtunzi aliye hai. Mkusanyo unaoandika jina la aliyeimba bila kuuliza aliupata wapi huenda unampa mtunzaji cheo cha mtungaji. Maswali matatu yangetosha: Nani aliutunga? Wewe uliusikia kwa nani? Umeongeza nini? Majibu yakiandikwa pamoja na tarehe na mahali, daftari la mtafiti huwa ushahidi, na hufanya kazi ile ile iliyofanywa na beti za tamati katika tenzi.

9.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba nomino wimbo humwelekea mwimbaji, kwamba a-unganifu hukusanya mtunzi, mwimbaji, mrekodi na mmiliki pamoja, na kwamba maisha ya mwanamuziki hutegemea kutenganishwa kwao mapema. Kwa mtu anayetoka Taveta au milima ya Taita akiwa na gitaa na daftari, sauti nzuri na bendi hodari ni sehemu ya kazi. Sehemu iliyobaki ni kujua ni uhusiano upi anaouuza leo na upi anaoubakiza. Fadhili William aliacha wimbo unaojulikana kwa jina lake katika mabara yote. Kwamba hata leo hujadiliwa ni wake kwa maana gani, ni dalili kwamba neno dogo kuliko yote katika jina hilo halijafanyiwa kazi ya kutosha.